Ritani ya Kwanza ya KRA kwa Aliyeajiriwa: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kukatwa PAYE kila mwezi si sawa na kuwasilisha ritani. PAYE ni kodi ambayo mwajiri huikata kwenye mshahara na kuipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA. Ritani ni taarifa yako wewe ya mwaka mzima: ulipata nini, ulikatwa nini, na je, kilichokatwa kinatosha? Ukishakuwa na PIN, yaani nambari ya mlipakodi, iliyosajiliwa kwa kodi ya mapato, KRA inaingojea taarifa hiyo kila mwaka, hata kama huna deni la senti moja. Mtanzania anayehamia Nairobi au Mombasa kikazi azingatie hili zaidi, kwa sababu kwao mwenye mshahara pekee ambaye mwajiri amemkata kodi hatakiwi kuwasilisha ritani ya mwaka. Kenya anatakiwa.

Watu wengi hupeleka PIN na nenosiri kwa mtu wa saiba, wakalipa kidogo na kuondoka na karatasi. Hatari yake ni kwamba anayehudumia foleni ndefu hupenda njia ya mkato, na njia ya mkato ni ritani ya sifuri. Mfanyakazi aliyelipwa mwaka mzima anaonekana kwenye mfumo akiapa kwamba hakupata chochote, ilhali mwajiri wake ametaja mshahara wake mwezi baada ya mwezi. Mwenye jina kwenye ritani ndiye atakayeulizwa. Kwa mwenye mwajiri mmoja, kazi hii ni fupi na unaiweza mwenyewe.

Tarehe mbili, si moja

Ritani ya mapato ya mwaka 2025 huwasilishwa kuanzia 1 Januari hadi 30 Juni 2026. Hiyo ndiyo tarehe inayotangazwa kila mahali. Isiyotangazwa sana ni 30 Aprili: ikiwa hesabu ya mwaka inaonyesha bado unadaiwa, deni lenyewe lilipaswa kulipwa kufikia siku hiyo. Anayengoja Juni ndipo agundue anadaiwa huwa tayari amechelewa kulipa, na hutozwa adhabu ya asilimia 5 ya deni pamoja na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Kwa hiyo fanya hesabu mapema, Februari au Machi, mara tu unapopata fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri.

Kuchelewesha ritani yenyewe kuna adhabu yake: shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, ile iliyo kubwa. Adhabu hiyo huja kwa kila mwaka ulioruka. Aliyechukua PIN akiwa chuoni kwa ajili ya mkopo wa HELB, kisha akaisahau, huikuta imelimbikiza miaka kadhaa.

Vitu vya kukusanya kabla ya kufungua kompyuta

PIN yako ina herufi na tarakimu 11: inaanza na A, zinafuata tarakimu tisa, inamalizika kwa herufi. PIN ya mwajiri ambaye ni kampuni huanza na P. Nakili zote mbili kwa uangalifu, kwa sababu herufi O na tarakimu 0 huchanganywa sana.

Hakikisha baruapepe na nambari ya simu zilizo kwenye akaunti yako ya iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, ni zako na bado unazitumia. Kama ulisajiliwa na mtu mwingine, huenda baruapepe iliyomo ni yake, na nenosiri jipya likiombwa litamfikia yeye. Shughulikia hilo kwanza, kupitia kituo cha Huduma, ofisi ya KRA au simu yao 0711 099 999. Beba kitambulisho.

Halafu P9. Hii ni karatasi inayotolewa na mwajiri ikionyesha mishahara na makato ya miezi yote 12. Ikiwa ulifanya kazi kwa waajiri wawili ndani ya mwaka, unahitaji P9 mbili, hata kama ulikaa kwa mmoja wao mwezi mmoja tu. Mwajiri wa zamani bado anawajibika kukupa. Mwandikie mapema, maana ofisi za mishahara huwa na shughuli nyingi kuanzia Mei.

Kama una bima ya maisha au ya afya unayoilipia mwenyewe, itisha cheti cha mwaka kutoka kwa kampuni ya bima, chenye nambari ya bima na jumla ya malipo. Bima hiyo hukupa afueni, yaani punguzo la kodi yenyewe, ya asilimia 15 ya ulicholipa, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Bima ya elimu inahesabiwa ikiwa muda wake ni miaka 10 au zaidi. Mwenye mkopo wa nyumba anayoishi aitishe cheti cha riba. Kiwango cha juu kinachopunguzwa kwenye mapato ni shilingi 360,000 kwa mwaka. Mtu mwenye ulemavu ambaye tayari ana cheti cha msamaha kutoka KRA awe na nambari yake, kwa sababu shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi hazitozwi kodi, lakini mfumo hautambui msamaha huo bila cheti.

Isome P9 kabla ya kuinakili

Hapa ndipo ritani hufaulu au kuharibika, kwa hiyo tusikimbie. Tuchukue mfanyakazi aliyelipwa shilingi 60,000 kwa mwezi, bila marupurupu mengine, Januari hadi Desemba 2025, kwa mwajiri mmoja.

Mshahara wa jumla kwa mwaka ni 720,000. Kabla ya kodi, vitu vitatu huondolewa. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: Januari ilikuwa 2,160, kisha viwango vilipanda Februari na kuwa 3,600 kwa mshahara huu, jumla 41,760. Bima ya afya ya jamii, SHIF, ambayo ni asilimia 2.75: 1,650 kwa mwezi, jumla 19,800. Tozo ya nyumba, asilimia 1.5: 900 kwa mwezi, jumla 10,800. Makato yote matatu ni 72,360, na kinachobaki kutozwa kodi ni 647,640.

Kumbuka kwamba SHIF na tozo ya nyumba zilianza kuondolewa kabla ya kodi tangu mabadiliko ya sheria ya 27 Desemba 2024. Maelezo ya zamani yanayokuelekeza kudai afueni ya NHIF, bima ya afya ya zamani, au afueni ya tozo ya nyumba hayafai kwa mwaka wa 2025. Makato ya HELB, SACCO na mikopo hayapunguzi kodi hata kidogo, usiyaingize popote.

Sasa kodi ya mwaka:

288,000 za kwanza kwa asilimia 10 = 28,800
100,000 zinazofuata kwa asilimia 25 = 25,000
259,640 zilizobaki kwa asilimia 30 = 77,892
Jumla = 131,692

Kiwango cha asilimia 30 huendelea hadi mapato ya shilingi milioni 6 kwa mwaka. Juu ya hapo ni asilimia 32.5, na kupita milioni 9.6 ni asilimia 35. Toa afueni ya kibinafsi ya 28,800, ambayo kila mkaazi hupata, na kodi halisi ya mfanyakazi wetu ni 102,892.

Jumlisha PAYE ya miezi yake 12 kwenye P9: 8,970.35 ya Januari na 8,538.35 mara 11. Utapata 102,892.20. Senti 20 hizo hutokana na jinsi viwango vya mwezi vilivyokadiriwa, na hazina maana yoyote. Kwa mwajiri mmoja na mwaka mzima, jibu linapaswa kuwa hivyo: sifuri au karibu na sifuri. Fanya hesabu hii kwa kalamu kabla ya kuingia iTax. Utakuwa na nambari ya kulinganisha na ile ambayo mfumo utakuonyesha.

Ndani ya iTax

1. Fungua itax.kra.go.ke, weka PIN, bonyeza "Continue". Weka nenosiri, jibu swali dogo la hesabu, ingia. Tumia kompyuta; kwenye simu kurasa hukatika na vitufe vingine havionekani.

2. Nenda kwenye menyu ya "Returns", chagua "ITR For Employment Income Only". Fomu hii hujazwa moja kwa moja kwenye ukurasa na inamtosha mtu asiye na mapato mengine ila mshahara.

3. Weka kipindi kuanzia 01/01/2025 hadi 31/12/2025. Ukiona mfumo unakudai mwaka wa nyuma, anza na ule wa zamani zaidi ndipo uje huu.

4. Maswali ya ndiyo na hapana: una bima? una mkopo wa nyumba? unatangaza mapato ya mke? una cheti cha msamaha? Kila "Yes" hufungua sehemu ambayo lazima uijaze. Ukijibu "Yes" bila kuwa na cheti mkononi utakwama mbele, kwa hiyo jibu kulingana na karatasi ulizo nazo.

5. Weka akaunti ya benki iliyo kwa jina lako. Ikitokea unarudishiwa pesa, ndiko zitakakopitia.

6. Sehemu F ni ya mapato ya ajira. Mara nyingi utaikuta imejazwa tayari, kwa kuwa mfumo huchukua taarifa ambazo mwajiri alituma kila mwezi. Usiridhike kwa sababu imejazwa. Linganisha na P9: PIN ya mwajiri, mshahara wa jumla, marupurupu.

7. Sehemu M ni ya PAYE iliyokatwa. Inataka mapato yanayotozwa kodi, kodi yake, na kiasi kilichokatwa hasa. Kiasi hiki cha mwisho ni PAYE baada ya afueni, yaani 102,892.20 kwa mfano wetu.

8. Sehemu T ndiyo hesabu ya kodi. Weka jumla ya mwaka ya NSSF na pensheni kwenye mstari wa pensheni (kiwango cha juu ni 360,000 kwa mwaka), kisha SHIF na tozo ya nyumba kwenye mistari yake. Hakikisha 28,800 ya afueni ya kibinafsi imo. Shuka hadi mstari wa mwisho.

Simama hapo. Usibonyeze "Submit" bado.

Mstari wa mwisho unakuambia kosa liko wapi

Nambari ikiwa na alama ya kutoa, mfumo unasema wewe ndiye unayeidai KRA, yaani unastahili kurudishiwa. Isiyo na alama hiyo ni deni lako. Kwa mwajiri mmoja na mwaka mzima, nambari yoyote kubwa ni dalili ya kosa, na mara nyingi ukubwa wake unataja kosa lenyewe.

Ukionyeshwa unarudishiwa 28,800, umeweka kodi kabla ya afueni mahali pa PAYE iliyokatwa: 131,692 badala ya 102,892. Ukionyeshwa unadaiwa 28,800 kamili, angalia mstari wa afueni ya kibinafsi. Ukidaiwa kodi yote ya mwaka, sehemu M ni tupu.

Kosa la hila zaidi ni kuweka 647,640 kama mshahara wa jumla katika sehemu F, kisha kuondoa tena NSSF, SHIF na tozo ya nyumba katika sehemu T. Makato yanahesabiwa mara mbili na mfumo unaahidi kurudisha takriban 21,708, yaani asilimia 30 ya 72,360. Inavutia, na ndiyo sababu watu huiwasilisha wakifurahi. Hizo si pesa zako. Zitafutwa wakati wa ukaguzi, na wewe utabaki ukijieleza.

Kosa jingine si lako kabisa. P9 inasema ulikatwa 102,892 lakini sehemu F na M zinaonyesha miezi tisa tu. Maana yake ni kwamba kwa miezi mitatu mwajiri hakukutaja kwenye taarifa yake ya PAYE, au alikosea PIN yako, au alikata bila kupeleka. Usilazimishe nambari za P9 ziingie ukidhani umemaliza. KRA hukutambulia kodi ambayo mwajiri ameitangaza kwa PIN yako, na tofauti hiyo inaweza kugeuka deni lako. Chukua P9 na picha ya ukurasa, andika barua kwa ofisi ya mishahara ukiomba warekebishe taarifa za miezi hiyo, kisha rudi. Hii ni sababu nyingine ya kuanza Februari.

Nambari kubwa ambazo ni za kweli

Aliyeanza kazi katikati ya mwaka mara nyingi amekatwa zaidi ya inavyostahili. Mwajiri hukata kila mwezi kana kwamba utalipwa hivyo miezi yote 12, lakini ritani huangalia mwaka wako mzima. Mfanyakazi yuleyule wa 60,000, akiwa ameanza Julai 2025 bila mapato mengine kabla ya hapo, ana mapato ya kutozwa kodi ya 323,100. Kodi yake: 28,800 na 8,775, toa 28,800, inabaki 8,775. Alikatwa 51,230.10. Tofauti ya 42,455.10 ni haki yake. Vijana wengi walioajiriwa mara ya kwanza wanaiacha pesa hii kwa sababu hakuna aliyewaambia ipo.

Kinyume chake humpata mwenye kazi mbili kwa wakati mmoja. Tuseme ana ile ya 60,000 na nyingine ya 30,000, na mwajiri wa pili akamkata kana kwamba ndiye pekee. Kila mwajiri amempa afueni ya 2,400 na viwango vya chini vya asilimia 10 na 25, ambavyo mtu mmoja hupata mara moja tu. Kwa mshahara wa pili alikatwa 731.25, ilhali kodi sahihi ni 8,077.50. Upungufu ni 7,346.25 kila mwezi. Ndiyo maana ni muhimu kumjulisha mwajiri wa pili kwamba una kazi nyingine, ili akate bila afueni. Aliyebadilisha kazi bila kuzifanya pamoja hana shida hii. Huongeza tu P9 zote mbili kwenye fomu.

Ukiwa na mapato mengine

Kazi za ushauri, biashara ndogo, kupangisha maduka: hapo fomu ya mshahara haitoshi. Chagua "File Return" kisha upakue fomu ya Excel, au ya ODS kama unatumia LibreOffice. Toa faili kwenye zipu, ruhusu makro, jaza, na tarakimu ziwe bila mkato. Kompyuta za Windows mara nyingi huzuia makro za faili zilizotoka intanetini. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, fungua "Properties", weka alama kwenye "Unblock". Bila makro, kitufe cha "Validate" hakifanyi kitu. Kikifanya kazi kitaorodhesha makosa, na yakiisha kitatengeneza zipu mpya. Hiyo zipu mpya ndiyo ya kupakia. Usiibadilishe jina.

Ikiwa aliyekulipa ada ya ushauri alizuia asilimia 5, tafuta cheti cha kodi hiyo ndani ya iTax na ukiingize. Gharama za biashara zisizo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa kawaida hazikubaliwi, na kuanzia Januari 2026 KRA inalinganisha ritani na ankara hizo. Riba ya benki iliyokatwa asilimia 15 na gawio lililokatwa asilimia 5 tayari zimemalizana na kodi kwa mkaazi. Kodi ya mapato ya kupangisha nyumba za makazi hulipwa kila mwezi kwa njia yake, asilimia 7.5, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Asiyepata chochote mwaka mzima, kama mwanafunzi, ndiye wa ritani ya sifuri: "Returns", "File Nil Return", au kwa simu *572#. Mshahara wa mwezi mmoja unatosha kukuondoa katika kundi hili.

Baada ya kubonyeza "Submit"

Pakua papo hapo stakabadhi yenye nambari ya uthibitisho na uihifadhi mahali pawili. Skrini ikiganda usiwasilishe tena kwa pupa. Ingia upya uone kwanza kama ritani imo kwenye orodha ya zilizopokelewa.

Ukidaiwa, tengeneza hati ya malipo kwenye menyu ya "Payments" ukichagua kodi ya mapato ya mtu binafsi, mwaka 2025, na aina ya deni lenyewe. Hati ina nambari ya PRN. Unapolipa kwa M-Pesa, nambari hiyo ndiyo akaunti, na paybill ni ile iliyochapishwa kwenye hati. Ukilipa bila PRN sahihi, pesa hazitaonekana dhidi ya deni lako.

Ukidai kurudishiwa, ritani peke yake haitoshi. Kuna ombi tofauti chini ya menyu ya "Refund", na una miaka mitano tangu kodi ilipolipwa. Ambatisha P9, barua ya kuajiriwa inayoonyesha tarehe uliyoanza, na hati za mshahara. Afisa akikuandikia kuuliza swali, jibu upesi, la sivyo ombi hukwama.

Ukigundua kosa baadaye, tumia "File Amended Return" kwa mwaka uleule. Huhitaji kufuta ya kwanza. Anayetafuta kazi aombe cheti cha uzingatiaji kodi ndani ya iTax ritani ikishapokelewa. Kinadumu miezi 12 na hakitolewi mtu akiwa na ritani iliyorukwa au deni lisilopangiwa malipo. P9, vyeti vya bima na stakabadhi zihifadhiwe kwa miaka mitano.